Violeti ina majani tu, maua hakuna

Juma lililopita tulisema juu ya sombe na namna ya kuitunza bila frigo wakati wa delestaji. Aksanti kwa wote waliotujibu, hata yule aliyesema kwamba mwalimu anajua sombe ya vitabu tu. Leo tunaacha jiko kidogo.

Jumanne tulipokuwa tunatoka masomo, daftari za watoto mkononi, mama mmoja alitusimamisha njiani. Akasema: “Mwalimu, ile violeti yangu iko na majani mazuri, makubwa, lakini tangu Noeli haijatoa ua hata moja. Ninaimwagilia kila siku. Mbolea nimetia. Inakosa nini?” Tulimuuliza swali moja tu: “Umeiweka wapi?” Akajibu: “Saloni, mama, pembeni ya televizio, pale wageni wanaiona.”

Tulicheka, na yeye akakasirika kidogo. Tulimwomba msamaha hapo hapo, kwa sababu hatukumcheka yeye. Tulicheka kwa kuwa jambo hilo tumelipitia sisi wenyewe, na lilitugharimu feza, na nusura litugharimu rafiki. Wengi katika kikundi chetu wanaijua habari hiyo nusu nusu. Afadhali tuieleze yote, kwa kuwa ndani yake mna jibu la mama yule.

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, kikundi chetu kilinunua vyungu 18 vya violeti. Dada mmoja alituletea kutoka ng'ambo, upande wa Rwanda. Vilikuwa bado vichanga, kila kimoja na maua mawili matatu, ya zambarau, ya waridi na meupe. Shauri lilikuwa kuvikuza miezi mitano, halafu kuviuza siku ya 8 mwezi wa tatu, siku ambayo kila mume anatafuta kitu cha kumpelekea bibi yake na kila ofisi inatafuta kitu cha kuweka mezani. Feza za kununulia zilitoka katika sanduku jekundu la MUSO yetu, sanduku la msaada. Mnajua wenyewe kwamba sanduku lile haliguswi ovyo. Tuliligusa kwa sababu mjane mmoja kati yetu alikuwa na binti katika mwaka wa sita wa sekondari, na mtoto huyo alipaswa kulipa minervali iliyobaki pamoja na feza za mtihani wa Serikali, ule wanafunzi wanaita Exetat. Masomo ya msingi ni bure siku hizi, lakini sekondari siyo bure, na mtoto asiyelipa mtihani hafanyi mtihani. Tulihesabu: vyungu 18 vikiuzwa vyote, sanduku linarudishiwa zake, na zinazobaki zinamtosha binti.

Vyungu viliwekwa kwa mtunza sanduku wetu. Yeye ndiye alikuwa na nyumba ya matofali yenye mlango wa kufungwa vizuri. Alivipanga saloni, juu ya kabati refu, na kwa kuwa wezi walikuwa wanatembea sana kartie ile, rido zilikuwa zinafungwa mchana na usiku. Alivipenda kama watoto. Kila asubuhi, kabla ya kwenda soko, alivimwagilia.

Kufika mwezi wa kumi na mbili, maua yote yalikuwa yameanguka na mengine hayakuja. Majani yalirefuka vikonyo, yakasimama juu kama shingo za watu wanaochungulia ukutani. Kisha vyungu vikaanza kuoza kimoja kimoja. Jani linakuwa laini, shina linakuwa la kahawia, ukigusa kidogo mmea mzima unabaki mkononi. Vilikufa sita.

Katika kikao cha Jumapili maneno yakaanza. Mmoja aliuliza kama vyungu hivi ndivyo vile tulivyonunua. Mwingine akasema, taratibu, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba vizuri vimekwisha kuuzwa na vibovu vimewekwa mahali pake. Mtunza sanduku hakujibu. Aliweka funguo mezani, akachukua pagne yake ya kubebea mtoto, akaenda. Jumapili mbili zilizofuata hakuja.

Sasa sikieni kosa letu sisi, kwa kuwa lipo. Vyungu 12 vilivyobaki vililetwa kwetu, kwa sababu “mwalimu amesoma”. Ni kweli, tulisoma ISP, na kila mwaka tunawafundisha watoto kwamba jani ni jiko la mmea: linapika chakula kwa mwanga, maji na hewa. Basi tulisema kwa kujiamini sana: “Hivi vimekosa jua!” Tukavitoa nje, kwenye barza inayoangalia magharibi, vikapata jua la kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja. Siku ya nne majani yalikuwa na mabaka ya rangi ya chai ya maziwa, kando zake zimekauka kama karatasi iliyosogezwa karibu na makala ya moto. Tukapoteza vingine vitano. Mtunza sanduku aliua sita kwa miezi miwili. Sisi tuliua vitano kwa siku nne, na hakuna aliyetuuliza kama tumeviuza.

Vikabaki saba. Hapo ndipo tuliketi na kufanya ambalo tungepaswa kufanya mwezi wa kumi: kuuliza mmea huu umetoka wapi.

Wengi wanadhani ni ua la Wazungu, kwa kuwa linaonekana katika picha za madirisha ya Ulaya. Siyo hivyo. Ni la huku kwetu Afrika ya Mashariki. Kwa Kifaransa wengine wanaliita violeti ya Usambara, na Usambara ni milima ya Tanzania, upande wa Tanga. Mwaka 1892, wakati Wajerumani walipotawala kule, mkuu wa wilaya aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliliona, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia, kufuata jina la familia ile. Wazee wa Usambara walikuwa wanaliona kabla ya hapo, lakini ndivyo majina yanavyokwenda. Tena siyo violeti ya kweli, ni jamaa nyingine kabisa ya mimea. Jina la violeti limekuja kwa sababu ya rangi na umbo la ua.

Jambo la maana kwetu ni pale linapoishi. Linaota juu ya miamba yenye unyevu na kuvu, mara nyingi karibu na vijito, chini ya miti mikubwa ya pori. Hebu fikirini mtu anayesimama chini ya miti ile saa sita ya mchana. Siyo giza: anaona vizuri, anaweza kusoma barua. Lakini jua lenyewe halimpigi kichwani. Linapita katika majani, linafika likiwa limevunjika vipande vipande. Mwanga mwingi, jua kidogo. Mtunza sanduku alilipa giza, sisi tukalipa jua, na wote tulikosea, kila mmoja kwa upande wake. (Pori lenyewe la Usambara limekatwa sana, na violeti za porini zimebaki chache. Hilo ni jambo la kusikitikia siku nyingine.)

Mtu atasema: “Lakini saloni yangu ina mwanga, ninaona vizuri!” Hapo macho yanatudanganya. Mboni ya jicho la mtu hufunguka chumbani na hujifunga nje. Ndiyo sababu ukitoka ndani ghafla saa sita unakunja uso. Jicho linasawazisha, na kwa hiyo chumba kinaonekana chenye mwanga hata kama mwanga uliomo ni sehemu ndogo sana ya ule wa nje. Jani halina mboni. Linapokea kile kilichopo, basi. Na mwanga hupungua upesi unapoondoka dirishani: mmea ulio hatua tatu ndani ya chumba uko katika dunia nyingine na ule ulio kwenye ukingo wa dirisha, hata kama kwako wewe vyote viwili vinaonekana sawa.

Tuko na kipimo kisichohitaji feza. Siku isiyo na mawingu mengi, saa nne au saa tano ya asubuhi, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu. Nyoosha mkono juu yake, kama sentimita 30, urefu wa rula ya mtoto. Angalia kivuli. Kama kivuli ni cheusi na vidole vyote vinaonekana wazi na kando kali, hapo jua ni kali mno kwa violeti. Kama huoni kivuli hata kidogo, au unaona tu kama moshi, hapo ni giza. Mahali pazuri ni pale kivuli kinapoonekana kuwa ni cha mkono, lakini laini, kando zake zimefifia. Tulifanya kipimo hiki saloni kwa mtunza sanduku: hakukuwa na kivuli. Tukafanya kwenye barza yetu saa nane: ungeweza kuhesabu pete vidoleni.

Mmea wenyewe nao unasema, tukijua kuusikiliza. Ukikosa mwanga, majani yanakuwa ya kijani kizito, vikonyo vinarefuka, vinanyanyuka juu au vinainama vyote upande wa dirisha, na maua hayaji. Ndiyo hali ya violeti ya yule mama wa Jumanne: yeye anasifu majani makubwa, kumbe mmea unatanua majani ili kuokota kile kidogo kinachopatikana. Ukizidiwa na mwanga, majani yanapauka kuwa ya manjano, yanajikunja kwenda chini kama yanakumbatia chungu, yale ya katikati yanabanana na kuwa magumu, na mwishoni mabaka ya kuungua. Violeti yenye mwanga wa kutosha inalala bapa, majani yamezunguka kama sahani, maua yamesimama katikati.

Sasa dirisha gani? Hapa tunaomba subira yenu, kwa kuwa somo la jiografia tunalipenda. Vyungu vyetu vilikuja na kikaratasi cha Kifaransa kilichosema: weka karibu na dirisha la mashariki, epuka dirisha la kusini. Shauri hilo liliandikwa kwa watu wa Ulaya. Kwao jua la mchana linapita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo linaloungua. Sisi wa Bukavu tuko karibu kabisa na ikweta, kama digrii mbili na nusu upande wa kusini wake. Kwetu, tangu katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwishoni mwa mwezi wa tisa, jua la saa sita linapita upande wa kaskazini wa nyumba. Miezi mingine linapita upande wa kusini. Na nyakati zote liko juu sana, karibu na utosi. Kwa hiyo madirisha ya kaskazini na ya kusini, kama manjanja ya paa yamejitokeza vizuri nje ya ukuta, yanapata kivuli cha paa saa zile kali. Mwanga unaingia, jua linabaki nje. Tunayaona kuwa madirisha mazuri kwa violeti, tofauti na kile kikaratasi.

Dirisha la mashariki, lile linaloangalia upande wa Rwanda jua linapotokea, ni zuri pia, pengine ndilo zuri kuliko yote. Jua la saa moja mpaka saa tatu bado ni pole na hewa ni baridi. Violeti inalipokea kwa furaha. Dirisha la magharibi, upande wa Kabare, ndilo lile tulilokosea sisi. Jua la jioni linashuka chini, linaingia moja kwa moja chini ya paa, na linakuta ukuta na manjanja vimekwisha kupata moto tangu asubuhi. Kama hilo ndilo dirisha pekee unalo, vuta rido nyembamba nyeupe kati ya kioo na mmea kuanzia saa saba, au sogeza chungu ndani hatua moja.

Tunajua kwamba wengine hawana vioo. Katika nyumba za mbao dirisha ni kibao kinachofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Basi weka chungu juu ya meza ndogo ndani kidogo ya kile kibao, mahali mkono wako unatoa kivuli laini, na uondoe wakati wa kufunga. Au tumia barza, ukutani kabisa, chini ya paa, kama barza haitazami magharibi. Barza ya mashariki yenye paa refu ni kama pori la Usambara, bila wezi tunatumaini. Wale wanaoogopa kufungua rido mchana kwa sababu ya wapita njia, rido nyembamba nyeupe inasaidia huko pia: wewe unaona nje, wao hawakuoni, na mmea unakula.

Mama mmoja aliuliza juu ya ampuli. Katika nchi za baridi watu hukuza violeti chini ya taa, kama saa 12 mpaka 14 kwa siku, kwa kuwa wakati wa baridi mchana wao ni mfupi sana na mawingu ni mengi. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Taa ya nini? Na kwa umeme gani? Usiku violeti inataka giza lake la kulala, kama saa nane, kisha inatoa maua vizuri. Delestaji itusaidie kwa jambo moja angalau.

Geuza chungu robo mzunguko kila juma. Sisi tunafanya Jumamosi, siku ya kufua. Usipogeuza, majani yote yanakwenda upande mmoja na upande wa pili unabaki na kipara. Na wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi linakaa juu ya majani kwa sababu yana manyoya. Vumbi ni rido nyingine. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji. Chukua burashi laini, ile ya nywele za mtoto mchanga, upite taratibu.

Sasa turudi kwa vile sita vilivyooza, kwa kuwa hapa ndipo tulipomwelewa mtunza sanduku. Wengi hufikiri maji na mwanga ni mambo mawili. Ni jambo moja. Mmea ulio katika mwanga unapika, na ukipika unatumia maji. Mmea ulio gizani haupiki, kwa hiyo haunywi. Ukiumwagilia kila siku, maji yanabaki kwenye udongo, mizizi inakosa hewa, inaoza. Udongo wetu wa Bukavu ni mfinyanzi mzito, unashika maji kama sifongo, na hivyo mambo yanakuwa mabaya zaidi. Changanya na mchanga na makala yaliyopondwa. Yeye alifikiri anavinywesha vyungu, kumbe alikuwa anavizamisha, kwa upendo kabisa. Kama vingekuwa dirishani, maji yale yale labda yasingeviua.

Basi mwagilia tu pale kidole chako kinapokuta udongo mkavu juu. Weka maji katika sahani chini ya chungu, acha mmea unywe nusu saa, mwaga yaliyobaki. Maji ya bomba ya asubuhi ni ya baridi mno. Yakianguka juu ya jani yanaacha madoa meupe au ya kahawia yasiyotoka. Yaache kwenye bidoni mpaka yafanane na hewa ya nyumba.

Wenzetu wa Uvira watuvumilie: kule joto ni lingine. Violeti inapenda hewa ambayo mtu anavaa shati bila kutoka jasho na bila kutafuta sweta, na ikizidi digrii 27 hivi inaanza kuchoka. Kwenu dirisha lenye upepo ni la lazima, na jua la asubuhi likatwe mapema.

Vyungu saba vilivyobaki tuliviweka kwenye dirisha la mashariki la chumba cha watoto, kama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, nyuma ya antivoli. Hiyo ilikuwa juma la kwanza la mwaka. Majani yaliyorefuka hayakurudi kuwa mafupi. Hayarudi kamwe. Mapya ndiyo yalitoka yakiwa yamelala vizuri. Mwishoni mwa mwezi wa pili tuliona vichwa vya maua, vidogo kama punje ya mtama. Siku ya 8 mwezi wa tatu vyungu vinne vilikuwa na maua. Vinne, si kumi na vinane. Tuliviuza vyote kabla ya saa tano ya asubuhi, na watu walikuwa bado wanauliza.

Feza za vyungu vinne hazikurudisha hata nusu ya zile za sanduku jekundu. Tulisema hivyo wazi katika kikao. Wamama walijikaza, kila mmoja akaongeza kidogo kwa majuma sita, na sisi tuliongeza zaidi kidogo kuliko wengine kwa sababu ya vile vitano vya barza. Binti alilipiwa mtihani siku tatu kabla ya mwisho wa kuandikishwa. Alifaulu. Sanduku bado linatudai, na tunalipa.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili ya pili ya mwezi wa kwanza, tulikuwa tumekwenda kwa mtunza sanduku. Tulikuwa watano, pamoja na yule aliyesema neno lile. Tulichukua chungu kimoja kilichooza kutoka kwake na kimoja kilichoungua kutoka kwetu, tukaviweka mezani kimoja pembeni ya kingine, tukamwonyesha mizizi ya kile cha kwanza. Yule aliyesema neno alianza kueleza juu ya mwanga na maji, akashindwa katikati. Akasema tu: “Dada, nilikukosea.” Mtunza sanduku alinyamaza muda mrefu. Kisha aliinuka akafungua rido za saloni, zote, na vumbi likaonekana likicheza katika jua, na akasema: “Kumbe nilikuwa ninaishi humu kama panya.” Tulicheka wote. Tulikunywa chai kwake. Hakurudi kikaoni juma lile. Alirudi lililofuata, na funguo alipewa yeye.

Kutoka vyungu saba tulikata majani 20 ya pembeni, yaliyo mazima. Hili ni zuri katika violeti: hauhitaji mbegu. Unakata jani pamoja na kikonyo chake, kama sentimita tatu, unakikata kwa mshazari kwa wembe safi, unakichomeka katika udongo mwepesi wenye unyevu ndani ya kopo lililotobolewa chini. Unafunika na nusu ya chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, unaweka dirishani pasipo jua. Hapa jua ni adui kabisa, kwa kuwa chini ya chupa jani linachemka kama sombe. Baada ya majuma matatu au manne mizizi inakuja. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona watoto wadogo wanachipuka chini ya jani la mama. Majani sita yetu yalioza, 14 yalishika. Mwezi wa tano tulitenganisha watoto, leo tuko na makopo 31, na ya kwanza yameanza kuonyesha vichwa vya maua.

Mama wa Jumanne, jibu lako ndilo hili: toa violeti pembeni ya televizio, lakini usiitoe nje mara moja kama sisi. Imezoea giza. Ipeleke dirishani kidogo kidogo, kwa juma moja au mawili, kwanza hatua mbili kutoka dirishani, kisha moja, kisha karibu na kioo. Acha kumwagilia mpaka udongo ukauke juu. Mbolea iache kwanza. Halafu ngoja, miezi miwili au mitatu. Wageni wataona televizio tu kwa sasa.

Makopo yetu 31 yamegawanyika: 12 yako kwetu, saba kwa mjane, na 12 kwa mtunza sanduku, kwenye dirisha la jiko lake linalotazama mashariki. Hayauzwi kabla ya 8 mwezi wa tatu. Lakini mwenye kutaka jani la kuanzia aje Jumapili baada ya kikao, na kopo lake mwenyewe, lenye tundu chini. Majani ni ya bure kwa wanachama. Wengine tutapatana.